MJADALA: Swali la hadithi fupi kwenye 102/3 lije na kifungu chake

Mwalimu wa Kidato cha Tatu (mwenye mada)

Natoa hoja, mtanishambulia baadaye. Swali la hadithi fupi katika karatasi ya tatu ya Kiswahili (102/3), KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, lije na kifungu kirefu kilichopigwa chapa, nusu ukurasa hivi, na mtahiniwa ajibu huku akikitazama.

Sasa hivi mara nyingi anapewa mstari mmoja au miwili, anaulizwa muktadha wa dondoo, alama nne. Nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Zote hizo ni za kukumbuka. Kisha sifa za msemaji, kisha maudhui, na yote ayachote kichwani maana kitabu kimebaki bwenini. Matokeo yake mtoto hakariri hadithi, anakariri mwongozo, kile kijitabu cha dukani chenye uchambuzi na majibu tayari. Nikisahihisha daftari za darasa langu nakutana na "ni mnafiki kwani anajifanya mwema" kwa maneno yale yale, hadi koma.

Muhula huu nikawaandikia kifungu changu mwenyewe, ambacho hakina mwongozo dukani:

"Mzee Sefu alipofika matangani aliuliza maji ya kunawa kabla hajampa mtu mkono wa pole. Watu wakatazamana. Udongo mwekundu uliomganda vifundoni ulikuwa bado mbichi."

Swali: Mzee Sefu ni mtu wa aina gani? Thibitisha. Karibu wote wakasema mlafi, ametanguliza tumbo. Nikawauliza, neno gani limewaambia habari ya chakula? Kimya. Pale pana maji tu. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye alama yake haijawahi kuvuka C, akasema: "Mwalimu, huyu katoka kuchimba kaburi. Mikono michafu, anaona haya kuwashika watu." Mwaka mzima hakuwahi kunijibu hivyo, na siku hiyo hakuwa na cha ziada ila karatasi mbele yake.

Msiniambie haiwezekani. Kwenye ushairi, karatasi hiyo hiyo, shairi huchapwa lote na wengi hawajapata kuliona. Wenzetu wa Kiingereza kwenye 101/2, karatasi yao ya pili, huchapiwa kifungu cha kitabu teule, yaani kilichopangwa kusomwa kwa mtihani, wakaulizwa juu yake. Hadithi fupi ya Kiswahili imekosa nini?

Mtahini mstaafu

Mwalimu, nimekaa kwenye meza za kusahihisha miaka mingi. Watahiniwa wa KCSE 2024 walipita laki tisa. Kazi yao husahihishwa kwa majuma machache tu, na wa meza hii lazima atoe alama ile ile ambayo angeitoa wa meza ya pili. Muktadha una majibu manne yasiyobishaniwa. Hayo mambo ya udongo vifundoni yatabishaniwa mpaka usiku.

Tena hizo alama nne unazozidharau ndizo humwokoa mtoto aliyesoma kitabu chote lakini kalamu yake ni nzito. Ukileta kifungu, kitabu atakisoma nani? Watafundishwa kujibu vifungu, basi. Hata Waingereza, katika GCSE, mtihani wao wa sekondari, ile mpya ya fasihi iliyotahiniwa mara ya kwanza 2017, waliwaondolea watoto vitabu kwenye chumba cha mtihani.

Mama wa mtahiniwa

Shuleni kwa mwanangu kitabu kimoja wanasomea wanne. Mwongozo ndio alioniomba kwanza, na nikanunua, kwa sababu aliambiwa majibu yanatoka humo. Mnaposema "kitabu chote" mnamzungumzia mtoto wa nani?

Nafundisha sekondari, Morogoro

Shikamoo Mzee mtahini. Naomba niingie ingawa mtihani wetu ni mwingine. Huku swali huja: kwa kutumia vitabu viwili ulivyosoma, thibitisha kauli hii, hoja tatu kwa kila kitabu. Neno "thibitisha" lipo, na watoto wanajua lazima mfano uwepo. Basi wanaubandika: "Kwa mfano, tunamwona mhusika akimpiga mkewe." Nukta. Hoja ya pili. Ule mfano unabaki umesimama peke yake kama mgeni ambaye hajatambulishwa.

Kwa hiyo mwalimu, mimi sidhani kama karatasi ndiyo yenye kosa. Kinachokosekana ni sentensi ya tatu. Ya kwanza mtoto anadai. Ya pili anaonyesha kitu kwenye hadithi. Ya tatu aeleze kwa nini alichokionyesha kinabeba alichodai, na hapo ndipo wengi huzimika. Mimi nawaandikia pembeni kwa kalamu nyekundu neno moja: "Kwa hiyo?" Alinawa kwanza. Kwa hiyo? Wananichukia kwa neno hilo, sasa wamelifanya utani wa mapumziko.

Na ukiwapa kifungu jiandae, watanakili mistari minne kujaza ukurasa. Mimi nimeweka sheria kwamba maneno ya kudondoa yasizidi matano. Kwenye kifungu chako "bado mbichi" yanatosha. Hilo "bado" peke yake linakwambia hakutoka mbali, na hakutoka zamani.

Nilimaliza 2019

Nilipata A ya Kiswahili. Hadithi mbili kwenye ule mkusanyiko sijazisoma mpaka leo.

Mwalimu wa Kidato cha Tatu (mwenye mada)

Huyo wa 2019 kanisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe.

Mzee, la Uingereza ni kweli, ila umelikata katikati. Vitabu viliondolewa, lakini kwenye bodi kubwa za mitihani za kule swali la Shakespeare huja na kifungu chake kimechapwa. Juu ya kusoma kitabu chote nimeshindwa, nakubali. Basi kifungu kitoke kwenye kitabu teule, na sehemu ya mwisho ya swali imtoe mtoto nje ya kifungu, aende kwenye hadithi nyingine ya mkusanyiko huo. Alama nne za muktadha zibaki mbili. Dada wa Morogoro, sentensi ya tatu naichukua, lakini "kwa hiyo?" utamuuliza vipi mtoto ambaye maneno yenyewe hanayo mbele yake? Anakumbuka tu kwamba mzee fulani alikuwa mbaya.

Mtahini mstaafu

Nikuulize swali la kitahini. Mjukuu wangu nimemsomea kifungu chako. Kasema Mzee Sefu katoka shambani, kapita njiani akakuta msiba hana habari nao. Udongo mbichi si wa kaburi peke yake. Utampa alama?

Mwalimu wa Kidato cha Tatu (mwenye mada)

Nampa. Udongo kautaja na kaueleza. Aliyeandika "mlafi" bila kuugusa ndiye simpi. Ingawa bado naona ni kaburi.

Nafundisha sekondari, Morogoro

Kama alitoka kuchimba kaburi, wenye msiba wangekuwa wanajua. Sasa kwa nini watu walitazamana? Mjukuu ana hoja hapo, mwalimu. Jumatatu nakipeleka kifungu darasani kwangu, kwa ruhusa yako.