Tupeane uzoefu: Ndege mwenye mbio kwenye Pokémon unamtumiaje bila kumpoteza mapema?

Kozi Mwekundu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wale tunaocheza Pokémon kwa ushindani, iwe Showdown (uwanja wa kupigana mtandaoni) kwenye simu, Switch au GO (ule mchezo wa simu). Za kwenye katuni tuziache. Nataka tujadili kundi moja tu, washambuliaji wanaoruka wenye mbio: Talonflame, Crobat, Staraptor na jamaa zao. Kila mtu aeleze anavyomtumia wake, kipi kinamlipa na nani anamsumbua.

Naanza mwenyewe. Mimi ni wa Talonflame, na napenda kumcheza kizazi cha sita (awamu ya sita ya michezo) pale Showdown maana kule ndiko alikotamba. Kwa wageni: alitoka na X na Y mwaka 2013, ni wa moto na anga. Ukimtazama kwa namba hatishi, shambulio 81, ulinzi 71, kasi ndiyo 126. Kilichofanya watu wamuogope ni kipaji chake cha Gale Wings. Kwa kizazi kile, pigo lake lolote la anga linatangulia kwa ngazi moja. Brave Bird yenye nguvu 120 inatoka kabla mpinzani hajafanya lolote, hata kama Garchomp wake kavaa Choice Scarf (kifaa cha kuongeza kasi kinachokufunga kwenye pigo moja) na kasi imefika 499. Scizor na Bullet Punch yake, Azumarill na Aqua Jet yake, wote wako ngazi hiyo hiyo moja, na mkilingana ngazi kinachoamua ni kasi, kwa hiyo Talonflame bado anawahi. Anayempita ni mwenye Extreme Speed, kwa mfano Dragonite, kwa sababu ile iko ngazi ya pili.

Sasa msimamo wangu, mnaopinga karibuni. Watu humtoa mapema kwa sababu ana mbio. Mimi humficha. Ndege huyu kazi yake ni kufunga hesabu: wenzake wawachoshe wapinzani, wabaki na robo au theluthi ya damu, ndipo anaingia kuwaokota mmoja mmoja. Ukimwingiza zamu ya pili kwa mbwembwe atakula Brave Bird yake mwenyewe, maana theluthi ya maumivu unayompa mwenzako inakurudia wewe.

Na kuna habari ya mawe. Stealth Rock, mtego wa mawe anaoutandika mpinzani upande wako, inamla nusu ya damu kila anapoingia, kwa kuwa mwamba unamuumiza mara nne. Hapa kuna jambo wengi hawalitazami. Pokemoni wa kiwango cha 100 asipowekewa EV (pointi za mazoezi unazomgawia) yoyote kwenye damu, Talonflame anakuwa na 297. Zile EV nne za mwisho ambazo mtu huzitupa popote ukizitupa kwenye damu anakuwa na 298. Moja hiyo ni balaa! Nusu ya 298 ni 149, akiingia mara mbili kwenye mawe amekufa. Nusu ya 297 mchezo unaishusha chini kuwa 148, kwa hiyo akiingia mara mbili anabaki na damu moja. Kwa damu moja hutapiga Brave Bird ukapona, lakini Roost, pigo la kujiponya, utapiga, na Roost nayo ni ya anga, inatangulia. Mimi hizo nne naziweka kwenye ulinzi.

Haya, leteni zenu.

Nimekaa Paleee

Nimeshusha mkeka, endeleeni.

Popo wa Tanga

Kaka Kozi umeongea vizuri, ila mimi sina muda wa kuwa na ndege wa kufungiwa kabatini mpaka mwisho wa mechi. Mimi ni dada wa Crobat, tangu zamani, na siachi.

Crobat kasi yake ni 130, na anayo bila masharti ya kipaji chochote. Namtanguliza zamu ya kwanza. Mpinzani kaleta Hippowdon au Ferrothorn aweke mawe, namrushia Taunt. Zamu tatu hawezi kuweka mawe, hawezi kujiponya, anabaki kushambulia tu, na Hippowdon asiyeweza kujiponya si yule mnayemjua. Baada ya hapo Super Fang inamtoa nusu ya damu iliyobaki, awe mnene namna gani. Ulinzi wake hauna maana kwa pigo hilo.

Nikishafanya hivyo sijali Crobat akifa. Kazi kaimaliza, aliyekuja na mitego hakuiweka. Kwa hiyo nasema mwenye mbio atumike mwanzoni, kuzuia, si mwishoni kuokota.

Tahadhari moja kwa watakaonifuata: ukimuona Espeon upande wa pili usibonyeze Taunt kwa mazoea. Magic Bounce inakurudishia, unabaki wewe ndiye uliyezibwa mdomo. Lakini Substitute (kinyago cha kujikinga) zisiwatishe, mradi umemchagulia kipaji cha Infiltrator. Kuanzia kizazi cha sita anapiga ndani kwa ndani kama hakuna pazia.

Mgeni Kabisa

Samahani wakuu, mimi nimeanza juzi na Showdown, kizazi cha saba. Nimemweka Talonflame na Gale Wings kama mleta uzi anavyosema, lakini mara anatangulia, mara hatangulii. Ni mtandao wangu au?

Kozi Mwekundu

Si mtandao mkuu. Walimkata mabawa. Kuanzia Sun na Moon, 2016, Gale Wings inafanya kazi damu ikiwa imejaa tu. Akipungukiwa hata moja, ameshakuwa ndege wa kawaida mwenye kasi ya 126. Na fikiria: mawe yanamla nusu, Brave Bird inamla, Life Orb (kifaa cha kuongeza nguvu ya mapigo) inamla asilimia kumi kila akipiga. Zamu moja tu na kipaji kimelala. Ndiyo maana baada ya hapo akaporomoka madaraja ya chini.

Kitu kingine cha kizazi hicho ni Tapu Lele. Akiingia anatandika Psychic Terrain, na yeyote anayekanyaga ardhi upande wao hapigwi na mapigo yanayotangulia. Utaona Brave Bird imekataa kabisa. Hapo si kwamba umebonyeza vibaya.

Mshirazi wa Muscat

Assalaam alaykum jamaa. Nyote mwazungumzia mmoja kwa mmoja. Sisi tunaocheza wawili kwa wawili ndege huyu twamuona kwa jicho jengine.

Tailwind ni pigo la anga. Kwa hiyo Talonflame mwenye damu kamili aipuliza kabla ya mapigo mengi, na kwa zamu nne kasi ya upande wenu yote inazidishwa mara mbili. Hata hiyo Psychic Terrain anayoilalamikia Kozi haiizuii, maana Tailwind haimlengi mtu, yaangukia upande wako mwenyewe. Kilichokatwa kizazi cha saba kwetu hakikutuuma sana: mara nyingi naihitaji zamu ya kwanza, na zamu ya kwanza damu imejaa.

Na hata kabla ya hapo alikuwa na heshima yake. Mashindano ya dunia ya 2014 kule Washington, D.C., bingwa Se Jun Park wa Korea Kusini alikuwa na Talonflame kwenye sita wake. Watu wote wakamkumbuka Pachirisu, yule kindi mdogo wa umeme, na ni haki yake, lakini tazameni orodha nzima. Ndege yumo.

Mimi simpi Choice Band (kifaa cha kuongeza shambulio kinachokufunga kwenye pigo moja). Ukiwa umefungwa kwenye pigo moja katika uwanja wa watu wanne, wageuka kichezeo cha mwenzio. Nampa Tailwind, Taunt, Brave Bird na Quick Guard (kinga dhidi ya mapigo yanayotangulia), basi. Anayeua ni wa pembeni yake.

Popo wa Tanga

Shehe hapo kwenye Choice Band nakuunga mkono mia kwa mia.

Kozi Mwekundu

Mnanionea. Kwa mmoja kwa mmoja Band ina raha yake, nguvu ya shambulio mara moja na nusu si mchezo kwa mwenye 81.

Mashine ya Kufulia

Ngoja niwaharibie starehe. Mimi sina ndege hata mmoja, mimi huwa nawala.

Jina langu linatokana na Rotom-Wash. Ni maji na umeme, anaelea, moto unamuumiza nusu tu na anga nayo nusu tu. Talonflame wa Band akiingia kwa Brave Bird, Rotom anakuna kichwa tu, zamu inayofuata mwenye ndege hana budi kumtoa. Na kumtoa maana yake atarudi tena juu ya mawe.

Lakini raha yangu kubwa ni Garchomp mwenye Rough Skin niliyemvalisha Rocky Helmet. Brave Bird ni pigo la kugusa. Akinigusa, ngozi inamtoa moja ya nane, kofia moja ya sita, na juu yake ile theluthi yake mwenyewe. Kwa yule wa damu 297, ngozi na kofia peke yake ni kama 86, na mimi sijabonyeza kitu. Wakati mwingine mtu anapiga Brave Bird ya ushindi, Garchomp wangu amelala, na ndege naye anaanguka pale pale juu yake. Nacheka peke yangu kwenye daladala watu wananitazama.

La mwisho, hili ndilo tamu. Kizazi cha sita wenye ndege wanaona Roost inayotangulia ni kinga kamili. Ndege akishatua, aina ya anga inamtoka mpaka zamu iishe. Talonflame anabaki moto mtupu ardhini. Wewe ukiwa umeshabonyeza Earthquake, inamkuta amekaa chini na inamuumiza mara mbili. Mwenye ndege anaandika "???" kwenye gumzo. Hakuna cha ajabu, ndivyo mchezo ulivyo.

Kozi Mwekundu

Nilijua tu utatokea, Mashine. Sasa siri yangu dhidi ya watu wa aina yako: si kila Talonflame ana Band. Garchomp wako akiingia kwa kujiamini akitegemea kunichoma kwa kofia, anakutana na Will-O-Wisp. Hiyo haigusi. Akishaungua, shambulio lake limekwenda nusu, na damu inachuruzika kila zamu. Hata ile Earthquake yako ya kuvizia Roost inakuwa ya kupapasa. Kwa seti hiyo naweka EV kwenye damu na ulinzi maalumu, habari za kuua nawaachia wengine.

Tatizo linakuja pale ambapo na wewe unajua kwamba najua.

Msee wa Umoja

Wadau, mko mbali sana na sisi wa GO. Huku hakuna kasi! Pokemoni ana shambulio, ulinzi na stamina, basi. Hiyo 126 yenu huku haisomeki popote.

Lakini Talonflame wa Great League, ile ligi ambayo nguvu ya pokemoni (CP) mwisho ni 1500, bado ni moto. Siri ni Incinerate. Hilo pigo lilikuja na Community Day ya Fletchling, Machi 2021, na kama ulikosa siku hiyo utahitaji Elite Fast TM (kifaa cha kumfundisha pigo kama hilo). Linachukua zamu tano, yaani sekunde mbili na nusu, wakati wenzako wanapiga vijipigo vya nusu sekunde. Unamuona ndege amesimama tu kama amelala, alafu paap, damu ya mwenzako imeshuka na nishati yako imejaa.

Kinachonikera ni kwamba pigo refu hivyo linakuadhibu mtandao ukikwama. Huku kwetu saa za jioni mtandao ukilega, Incinerate inaonekana imetoka kwa simu yangu lakini mchezo unasema bado. Mimi siku hizi napigana asubuhi kabla ya kazi.

Brave Bird ya huku nayo si ya mchezo, inashusha ulinzi wako vibaya. Kwa hivyo sirushi kama mwenzangu bado ana shildi (ngao ya kuzuia pigo), labda niwe nataka tu kuitoa hiyo shildi. Kwanza Flame Charge mbili tatu, shambulio linapanda, ndiyo nafungua Brave Bird wakati niko karibu kufa tayari. Ulinzi ukishuka, wa nini?

Tai Mpweke

Nyote mmemsahau Staraptor. Shambulio 120. Kasi ni 100 ndiyo, lakini mvalishe Choice Scarf, mpe Jolly (tabia inayoongeza kasi), anafika 492, Crobat wa dada hapo juu anaishia 394. Reckless inaongeza nguvu ya Brave Bird na Double-Edge kwa asilimia 20, na akija Heatran au Tyranitar kumzuia kuna Close Combat. Anakufa haraka, sikatai. Lakini mara nyingi anaondoka na mtu.

Mgeni Kabisa

Asanteni sana. Sasa kwa anayeanza na kizazi kipya, Scarlet na Violet, nimchukue nani? Na haya mawe bado yapo?

Mshirazi wa Muscat

Yapo, lakini tangu kizazi cha nane kuna Heavy-Duty Boots. Ukimvalisha viatu hivyo mitego yote haimgusi. Kwa Talonflame ndiyo dawa, maana anaingia damu imejaa na Gale Wings iko macho. Hasara yake ni kuwa kifaa ni kimoja tu, ukivaa viatu huna Band.

Na kuna Terastal, yaani kumbadilisha aina katikati ya mechi. Mgeuze awe wa ardhi: mwamba uliokuwa ukimuumiza mara nne unamuumiza nusu, umeme haumpati kabisa. Mapigo yake ya anga na moto bado yana nyongeza yake ya asili. Ila tazama maji, hayo yatamuumiza vile vile.

Kozi Mwekundu

Mgeni, sikiliza shehe. Anza na hii: Heavy-Duty Boots, Gale Wings, Jolly, EV zote kwenye shambulio na kasi. Brave Bird, Flare Blitz, U-turn, Roost. U-turn ndiyo itakayokufundisha mchezo, kwa sababu utakuwa unapiga na kutoka huku ukisoma mwenzako anamleta nani kukuzuia. Akikuletea Rotom mara mbili mfululizo, mara ya tatu usimpelekee ndege, toka umlete wa majani.

Cheza mechi kadhaa, kisha Showdown inakuruhusu kuhifadhi marudio. Weka kiungo hapa hapa, ile uliyofungwa, tuipitie zamu kwa zamu. Mashine ya Kufulia akija kukucheka usimjibu.

Mashine ya Kufulia

Sicheki. Ila nauliza tu, mgeni unacheza saa ngapi?