Naombeni ushauri: vitabu vya picha vya kusoma na mtoto wa miaka 4

MamaWaTukuyu: Habari za jioni wanajamvi. Mvua za Tukuyu mnazijua, zikianza hakuna kutoka. Tukishakula tunaota moto jikoni, na binti yangu anadai hadithi. Nimezunguka soko la Mwanjelwa, Mbeya, hadi miguu ikauma, nikaambulia vile vya a e i o u: ukurasa huu ndoo, ule embe. Ameshavikariri. Natafuta chenye kisa ndani. Tena mchana anashinda na bibi yake, ambaye hajui kusoma.

TichaUyole: Pole mama. Ingia tovuti ya African Storybook. Hadithi za Kiswahili zipo, ni bure kupakua na kuchapisha, na zimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya 1 ina maneno machache sana kila ukurasa. Mimi nachapisha steshenari nyeusi na nyeupe, maana ya rangi ni ghali, nabana pini, watoto wanapaka rangi wenyewe. Kitabu alichokipaka rangi mwenyewe mtoto hakichani.

Mafinga_Baba3: Ukipata mtu anayetoka Dar au Nairobi, muagize Handa's Surprise cha Eileen Browne, cha mwaka 1994. Ni cha Kiingereza, ila maneno yasikutishe. Handa, binti wa Kenya, amejitwika kikapu cha matunda anampelekea rafiki yake. Tumbili anachomoa ndizi, tembo anabeba embe, na mwenyewe hana habari. Maneno hayawataji kabisa hao wanyama wanaochukua, wako kwenye picha tu. Kwa hiyo mtoto anajua asichokijua Handa! Wangu alikuwa anasimama kabisa: "Geuka nyuma!" Kitabu cha namna hiyo hata bibi anakisimulia.

Dada_Kihesa: Naunga mkono. Ila vya a e i o u usivitupe, mwakani atavihitaji.

MamaWaTukuyu: Asanteni sana. Mrejesho: nimechapisha viwili. Bibi kaona picha ya fisi, akaanza kisa chake kwa Kinyakyusa, hakifanani hata kidogo na kilichoandikwa. Mtoto kakaa kimya mpaka mwisho, halafu akamwambia arudie. Nimwelekeze bibi au nimwache?

TichaUyole: Mwache mama, tena kaa nawe usikilize. Jioni wewe soma kilichoandikwa. Akikuuliza mbona fisi wa bibi alifanya vingine, mwambie naye akusimulie wa kwake.