Msindano, mlingoti au grivelia? Nina ekari 6, nishaurini kabla ya Ijumaa

Kijana wa Mufindi: Wakuu habari za jioni. Babu kaniachia ekari 6 huku Mufindi, Ijumaa natakiwa nilipie miche. Kila mtu ananiambia nipige msindano (paina) kama msitu wa Sao Hill, shemeji anasema mlingoti (mkaratusi) ndo hela ya haraka. Ila sitaki shamba life, enzi za babu funo walikuwa wanapita asubuhi na mizinga ilikuwa inajaa. Mti gani hauui udongo?

Dada Nyuki: Mbona hujasema shamba liko mlimani au bondeni? Kabla kulikuwa na mahindi au pori? Unataka nguzo au mbao? Tusipige ramli hapa.

Kinyungu Kikavu: Mlingoti usiguse!! Mi nilipanda mwenyewe 2011, sikushauriwa na mtu, tamaa tu, miche ya kutosha pembeni ya vinyungu vyetu, vile vibustani vya bondeni ambako mama alikuwa analima mboga kiangazi chote. Mwaka wa kwanza raha, wa pili raha, wa nne nikaona majani ya chini hayaoti tena, ukichimba hukuti nyungunyungu hata mmoja, vyura waliokuwa wanatupigia kelele usiku kimya, na maji ya kumwagilia tukaanza kuyafuata mbali. Nikakata. Ukikata mmoja inachipua mitatu, mpaka leo napambana na visiki na mama bado ananiangalia vibaya.

Mkata Mbao: Kosa ni lako mzee sio la mti, ulipanda bondeni. Mlimani mlingoti hauna shida na nyuki wanaupenda. Msindano una maua gani ya nyuki?

Dada Nyuki: Hapo kwa nyuki umesema kweli, paina ni chavua tu, nekta hakuna. Ila mi nasimama na grivelia. Majani yake yanaoza, Moshi wanauchanganya na kahawa miaka na miaka, ukitoa maua ndege chozi na nyuki wanagombania.

Wa Pwani: Jamani majani kuoza inategemea na nani anayala. Bamburi kule Mombasa, mtaalamu wa kilimo mmoja anaitwa Haller alianza 1971 kupanda mivinje kwenye machimbo ya mawe ya simenti, mahali hata nyasi hazioti. Mivinje ikakubali lakini sindano zake zikajaa chini tu, haziozi. Dawa ikawa majongoo! Wakaokotwa wakaletwa, wakatafuna, mavi yao ndo yakawa udongo, baadaye wanyama wakapata pa kuishi. Kwahiyo usiulize mti peke yake.

Mkata Mbao: Kwahiyo anunue miche na majongoo 😂

Wa Pwani: Cheka tu. Hata paina bila kuvu wake kwenye mizizi inadumaa, ndo maana vitaluni wanachanganya udongo wa chini ya paina kuukuu.

Mama Uyoga: Na uyoga wake tunauokota mvua zikianza! Ila usiokote bila mtu anayeujua, jirani yangu alilazwa siku tatu.

Mkata Mbao: Uyoga wa paina una utelezi, mi siuli.

Mama Uyoga: Unamenya ile ngozi ya juu kaka, unakaanga na kitunguu.

Msimamizi wa Zamani: Turudi kwenye mada. Hamjasema kima. Wanabandua magome ya paina kule juu, mti unakauka kilele. Pori la asili likiisha unadhani watakula nini? Acha hata ekari moja ya miti ya kienyeji, mikuyu na yote inayojiotea.

Kijana wa Mufindi: Asanteni. Nilisahau kusema, upande wa chini kuna kijito, na nusu ya shamba bado ni pori.

Dada Nyuki: KIJITO?? Na pori?? Si ungeanza na hilo! Ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji sheria haikuruhusu, na hilo pori unaling'oa ili upande nini?

Kijana wa Mufindi: Miche ya mlingoti nimeshalipia nusu jamani.

Kinyungu Kikavu: Njoo uone visiki vyangu kwanza.

Mkata Mbao: Dada Nyuki, asali ya mlingoti lita unauzaje?