Siku moja ya mashamba na mvinyo wa Dodoma kwa ajili ya bi harusi mtarajiwa: tuipangeje?

Mpambe wa Tabata

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Rafiki yangu niliyekua naye tangu darasa la kwanza anafunga ndoa mwezi Oktoba, nami ndiye mpambe wake. Kicheni pati na sendofu zimeshikwa na kina mama pamoja na kamati, na huko sina la kuongeza; ila sisi wenzake wa rika moja tumepewa Jumamosi moja ya mwisho wa Agosti ili tukae naye kabla hajaingia katika pilikapilika za harusi. Yeye mwenyewe hataki ukumbi wala muziki wa kukesha. Ameomba jambo moja tu, nalo ni kupelekwa Dodoma akaone zabibu zikiwa bado mtini na kuonja mvinyo pale pale unapotengenezwa, kwa kuwa miaka yote hii amekuwa akinunua chupa za Dodoma dukani bila kujua zinatoka mikononi mwa nani.

Tuko tisa. Tunatarajia kuondoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR Ijumaa jioni na kurudi Jumapili mchana, hivyo siku kamili tuliyo nayo ni Jumamosi peke yake. Wenzetu wawili ni Waislamu na hawanywi kabisa, mmoja ananyonyesha mtoto wa miezi minne, na shangazi wa bi harusi amesema atafuatana nasi, jambo ambalo limetufurahisha sote.

Rasimu yangu ina vituo vitano: shamba huko Mpunguzi, Bihawana kwa ajili ya historia, kituo cha utafiti cha Makutupora, kiwanda kule Hombolo, kisha sehemu moja ya mjini jioni. Naomba wenye uzoefu mniambie kama mpango huu unatekelezeka, na kama hautekelezeki nipunguze wapi. Sitaki siku yake iishie kwa watu kuumwa vichwa ndani ya gari.

Mkulima wa Mpunguzi

Mleta mada, hongera kwa jukumu ulilopewa, na mwambie bi harusi kwamba sisi wakulima tumefurahi kusikia kuna mtu anayeuliza chupa yake imetoka wapi.

Nianze na jiografia, kwa sababu ndiyo itakayokata rasimu yako hata kabla hujafikiria kinywaji. Bihawana na Mpunguzi ziko upande wa barabara ya Iringa, kusini mwa jiji. Makutupora iko kaskazini, barabara ya kwenda Arusha. Hombolo iko kaskazini-mashariki. Na mashamba ya Chinangali, wilayani Chamwino, yako upande wa barabara ya Morogoro. Ukitaka kuyagusa yote kwa siku moja utakuwa umemwonyesha bi harusi barabara za Dodoma, wala si zabibu zake. Chagua upande mmoja, ushinde huko.

Kuhusu mwezi, mmebahatika. Katika nchi za baridi mzabibu hulala majira ya kipupwe na kuzaa mara moja kwa mwaka, lakini hapa kwetu haulali, hivyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa. Tangu kupogoa hadi kuvuna ni takriban miezi minne, na ndiyo maana tunavuna mara mbili: msimu mmoja ni kuanzia Februari hadi Aprili hivi, na mwingine ni Agosti na Septemba. Mkija mwisho wa Agosti mtakuta vichala vimening'inia. Mngekuja Juni mngeona majani na zabibu changa za kijani zilizo ngumu kama kunde, na bi harusi angerudi bila alichokifuata. Hata hivyo kila shamba lina tarehe yake kulingana na lilivyopogolewa, kwa hiyo mpigieni simu mwenye shamba wiki mbili kabla na mumwulize swali moja tu: je, Jumamosi hiyo kutakuwa na zabibu mtini?

Njooni mapema. Sisi huvuna alfajiri, kabla jua halijapanda, kwa sababu zabibu ikishapata joto ndani ya kreti huanza kuchacha yenyewe na kiwanda kinaweza kuikataa. Mkifika saa 1 asubuhi mtakuta wavunaji kazini, nanyi mnaweza kushika mkasi mkakata vichala vyenu wenyewe. Zabibu nyekundu tunayoiita Makutupora ina punje ndogo, nyeusi kwa nje, yenye ganda nene na mbegu. Mkiibonyeza kati ya vidole maji yake hutoka karibu meupe, na rangi hubaki kwenye ganda. Hapo ndipo mtakapoelewa mambo ya kiwandani bila mwalimu: mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, ilhali mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatolewa, ndipo maji yake yakachachushwa.

Msichume bila kuuliza, maana kuna safu zilizopigwa dawa ya ukungu hivi karibuni na bado siku zake hazijatimia. Na tafadhali mlipeni mkulima. Wageni wengi huja, hupiga picha saa mbili nzima, kisha huondoka na asante. Kununua kilo chache kwa bei ya haki na kuacha ada ya muda wa watu ni heshima, na ni jambo la kusema wazi kwenye simu ile ile ya kwanza. Mkisikia watu wakizungumzia "mchuzi" shambani, wanamaanisha maji ya zabibu yaliyokamuliwa na kuchachushwa na wakulima wenyewe, ambayo huuzwa kwa viwanda vikubwa vikayamalizia.

Dada Mkubwa wa Kimara

Mpambe, soma ujumbe wangu hadi mwisho, kwa kuwa mimi nilifanya kosa hilo hilo unalotaka kulifanya, na aliyelipia ni mdogo wangu.

Nilimwandalia siku kama hiyo nikiwa na vituo vinne. Tuliondoka saa 4 asubuhi kwa sababu wasichana walikuwa wanapambwa, tukafika shambani jua likiwa la utosi, tukiwa na viatu virefu na magauni meupe. Kiwanda cha kwanza tulichokitegemea kilikuwa kimefungwa, kwani nilikuwa nimezungumza na mtu wa mauzo kwa simu bila kupata uthibitisho wa maandishi, na yeye hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote. Tukaenda mahali pengine, watu wakanywa kwa hasira na njaa, bila kifungua kinywa cha maana. Ilipofika saa 9 alasiri mdogo wangu alikuwa amelala kiti cha nyuma cha Coaster, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na taji la maua nimelishika mkononi. Alikuwa amenisihi kwa wiki nzima tusikimbizane. Hadi leo nikikumbuka nasikia uchungu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Viwanda vyetu vingi ni viwanda kwanza, havikujengwa kwa ajili ya watalii kama vile vya Stellenbosch, ambako njia ya kwanza ya mvinyo ya Afrika Kusini, yaani mpango wa wageni kutembelea shamba moja hadi jingine, ilianzishwa mwaka 1971 na mashamba mengi yana meza ya kuonjea. Huku unaandika barua au barua pepe, unataja idadi ya watu, saa mtakayofika na kwamba mnaomba kuonja, kisha unasubiri jibu lenye jina na namba ya atakayewapokea. Msimu wa mavuno kuna malori ya zabibu getini na wafanyakazi hawana nafasi, hivyo pengine watakupa saa ambayo hukuipenda. Ikubali, uzungushe siku nzima kuizunguka saa hiyo.

Kuonja si kunywa. Mililita 50 zinatosha kwa kila onjo, maana yake chupa moja ya mililita 750 inatoa maonjo 15, na kwa watu sita wanaokunywa chupa nne hadi tano za aina mbalimbali ni nyingi mno. Anzeni na mweupe usio na sukari, kwa mfano wa Chenin Blanc, mje kwenye mwekundu, halafu mmalizie na mtamu. Mkianza na mtamu, unaofuata wote utaonekana mchungu. Wekeni bakuli la kutemea mezani na wewe mpambe uwe wa kwanza kulitumia, kwa sababu kwetu mtu huona aibu kutema kitu alichokaribishwa, na asipomwona mwenzake akitema atameza tu. Wala msiwe na haraka na ule mtamu mzito unaoitwa dompo. Unapita kooni kama juisi, lakini nguvu yake ni kubwa kuliko ya mvinyo wa kawaida.

Dereva asinywe hata onjo moja, na liandikwe hivyo katika makubaliano ya kukodi gari.

Binti wa Tanga

Assalaam alaykum na habari za leo. Nataka kuzungumzia wale wawili wasiokunywa, kwa kuwa mimi nimewahi kuwa mmoja wao katika safari ya namna hii, nikiwa na shoga yangu wa chuo ambaye nisingekosa siku yake kwa lolote.

Asubuhi shambani nilikuwa sawa na wenzangu wote. Shida ilianza tulipoketi mezani, ambapo kila mmoja aliwekewa glasi tatu na mimi nikawekewa soda ya chupa na mrija. Hakuna aliyenikusudia ubaya, lakini kwa saa moja na nusu mazungumzo yalikuwa juu ya kitu ambacho sikuwa nacho, na nikajikuta nimegeuka mpiga picha wa kundi. Aliyeniokoa ni mama mmoja mpishi wa pale, aliyeona na kuniletea jagi la maji ya zabibu yaliyokamuliwa asubuhi ile, yakiwa bado na povu jekundu juu, pamoja na sahani ya zabibu za aina mbili. Nikawa naonja na mimi, nikasema hii ni kali na hii ina utamu wa asali, na wenzangu wakaanza kuomba ya kwangu.

Kwa hiyo ombeni mapema juisi mbichi ya zabibu, iliyokamuliwa siku hiyo hiyo na kuwekwa kwenye barafu, kwa sababu ikikaa kwenye joto itaanza kuchacha na haitatufaa tena. Iwekwe kwenye glasi zile zile. Waulize pia wenzako kabla ya safari kama wako radhi kukaa kwenye meza yenye mvinyo, kwani wengine kwetu hilo pia huliepuka. Kama hawako radhi, nyinyi onjeni kiwandani wakati wao na shangazi wanatembezwa shambani, kisha mkutane wote kwenye chakula. Nyama iwe ya mchinjaji Mwislamu ili sahani iwe moja. Kwa huyo anayenyonyesha, tafuteni kivuli na kiti chenye mgongo, na ratiba imwachie nafasi ya kumnyonyesha mtoto bila kuitwa mara tatu.

Mpambe wa Tabata

Nimesoma yote, na jana usiku nilimsomea shangazi kwa simu. Nawashukuru sana. Dada wa Kimara, pole kwa yaliyokupata, na asante kwa kutueleza.

Nimefuta vituo vitatu. Sasa tutaelekea upande wa barabara ya Iringa pekee. Tutaondoka tulikofikia saa 12:15 asubuhi tukiwa na chai, maandazi na mayai ya kuchemsha, tufike shambani saa 1 na kukaa hadi saa 3 na nusu. Tukirudi tutapita Bihawana, kwa sababu shangazi ameniambia kwamba alisoma na masista na daima alisikia kuwa wamisionari wa Kiitaliano ndio walioleta mizabibu huko miaka ya 1950. Anataka bi harusi asikie hilo akiwa pale pale. Saa 6 tutakula mbuzi wa kuchoma na ugali, pamoja na mlenda ambao bi harusi ameuomba mwenyewe, halafu tupumzike wakati wa jua kali. Kuonja kutakuwa mara moja tu, saa 10 alasiri, mezani pamoja na juisi. Wenzetu wawili nimewauliza: mmoja atakaa nasi, mwingine atabaki na mama mwenye mtoto, na shangazi amesema atakuwa pamoja nao.

Nimewaambia wote waje na viatu vya kufunga, kofia na kanga mbili. Swali langu la mwisho ni kwa Mkulima: bi harusi anataka kurudi na chupa sita za kuweka kwenye meza ya wazazi siku ya harusi. Je, zitafika salama, na zitakaaje hadi Oktoba?

Mkulima wa Mpunguzi

Zitafika. Omba kiwandani katoni yenye vyumba vya kadibodi ndani, uifunge kwa kamba, na uiweke miguuni mwenu badala ya kuiacha ndani ya gari wakati mnakula, maana gari lililofungwa juani Dodoma hupika mvinyo ndani ya saa moja. Waulize mapema watu wa treni kuhusu utaratibu wa mizigo ya namna hiyo, na kila mmoja awe na kitambulisho chake.

Mkifika nyumbani, zenye kizibo cha gome zilazwe ili kizibo kisikauke. Zenye kifuniko cha kuzungusha zinaweza kusimama. Ziwekwe chumba chenye giza, chini, mbali na jiko. Siku ya harusi, nyeupe zitoke kwenye friji dakika chache kabla ya kumiminwa, na nyekundu ziingie humo kama nusu saa hivi, kwa kuwa joto la Dar es Salaam limezidi kiasi chake.

Na huo mlenda, mwambieni mpishi siku moja kabla. Ule wa kukausha hupatikana wakati wote, lakini mbichi mwezi wa Agosti ni wa kutafutwa.