Mchezo wa kuonja ukiwa umefungwa macho: mtoto ameuogopa, nifanyeje?

MamaWawili:
Habari zenu wakuu. Kwetu usiku mmoja kila wiki simu zinawekwa kando, tunacheza pamoja. Wiki iliyopita tulijaribu mchezo wa kuonja: unafungwa kitambaa machoni, unalishwa kijiko, unataja ni kitu gani. Tulicheka sana mpaka ilipofika zamu ya mwanangu wa miaka sita. Kaka yake akamlisha siki tupu. Mtoto akatema, akalia, akakivua kitambaa na kukitupa chini. Tangu siku hiyo hata glasi ya maziwa anainusa kwanza, huku ananitazama usoni. Inaniuma.

Wengine wanataka turudie. Safari hii atakuwepo binti wa dada yangu mwenye mzio wa karanga, na baba mkwe ambaye siku hizi anasema chakula hakimkolei. Nipangeje? Natanguliza shukrani.

Kijiko cha Mbao:
Pole mama. Mtoto haogopi kitambaa, anaogopa mkono unaomlisha. Weka sheria moja: anayelisha anaonja kwanza kitu kilekile, mbele ya wote. Halafu mwanao asifungwe, afumbe macho mwenyewe na kijiko ashike mwenyewe. Kijiko kinachotoka kwa mwingine kinafika mdomoni kabla hujajiandaa, hata mtu mzima anashtuka.

Bora zaidi, usiku huo yeye ndiye awe mwandaaji. Achague vitu, avipange, awalishe ninyi.

Dada Amani:
Naongezea la mzio, maana hapo hakuna mchezo. Usiseme "zamu yake tutaruka karanga". Karanga zisiwepo mezani kabisa, kwa sababu kijiko, kisu na ubao vinabeba mabaki. Soma pakiti za chokoleti na biskuti, nyingi zina karanga ndani au zimetengenezwa pamoja nazo. Muulize dada yako kama kuna kingine asichokula, na kama ana dawa ya dharura ije naye.

Wakiwepo wa chini ya miaka minne, zabibu nzima na vipande vigumu viondoe, vinapalia. Na kila mtu aonje akiwa amekaa.

Mzee wa Jikoni:
Mimi nakushauri uanze na pua, watoto wanaipenda sana. Kata vipande sawa vya tufaha na peasi, kila mtu abane pua, atafune kimoja. Wengi watasema ni kitu kitamu tu, basi. Waambie waachie pua kabla hawajameza: ladha inaingia yote kwa mkupuo. Ulimi wenyewe unatambua mambo machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na umami, ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama ambayo mkemia Mjapani Kikunae Ikeda aliipa jina mwaka 1908. Yaliyobaki ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo.

Hapo ndipo alipo baba mkwe. Uwezo wa kunusa hupungua na umri, kwa hiyo msimpime kwa vitu laini vilivyosagwa. Mpe vyenye mguso: karoti mbichi, tosti kavu, mtindi baridi. Ila kama ladha ilimpotea ghafla, amwone daktari.

Tumaini_K:
Ile siki isiwafanye mwogope vitu vikali vyote. Limau liwepo, uchachu ni sehemu ya mchezo. Kinachotakiwa ni kumwambia mapema, "hiki ni kichachu, unataka?" Akikataa, pointi yake haipungui.

MamaWawili:
Asanteni sana. Je, mpangilio? Na vionjo vingapi?

Mzee wa Jikoni:
Sita au saba vinatosha, ulimi unachoka. Anza na vya upole, kitunguu na kitunguu saumu viwe vya mwisho, maana vikishaingia hakuna kingine kitakachosikika. Katikati, maji na kipande cha mkate mtupu.

Kwa wakubwa fanya vikombe vitatu: viwili vyenye maziwa ya aina moja, cha tatu ya aina nyingine, watafute kilicho tofauti. Vyote viwe na ubaridi sawa, kwa sababu baridi inaficha utamu. Rudieni mara kadhaa, mtu akibahatisha tu anapata moja kati ya tatu.

MamaWawili:
MREJESHO: Tumefanya jana. Mdogo ndiye aliyekuwa mwandaaji, alijifungia jikoni na baba yake nusu saa nzima. Baba mkwe aliitambua karoti kwa mlio wake tu, kabla hajaimeza. Ikafika zamu ya kaka mtu. Mdogo akachota limau, akasimama mbele yake, akaonja yeye kwanza, uso ukamkunjamana, akasema, "Ni kichachu. Unataka?" Kaka yake akasema ndiyo, akamwomba msamaha wa ile siki kitambaa kikiwa bado machoni.