Paje mchanga mweupe, Malindi wa kahawia, Rufiji tope tupu: ufukwe unatokeaje?

Mwanapwani_K: Wakuu, naomba kueleweshwa. Bahari ni ile ile, lakini Paje, kule Unguja, mchanga ni mweupe kama unga wa sembe, Malindi ni wa kahawia, na kwenye delta ya Rufiji ni tope na mikoko. Mchanga unatoka wapi, na mbona hauishii wote baharini? Na Kunduchi, Dar es Salaam, mbona ufukwe unaliwa?

Kusi_Kaskazi: Mkuu, anza na wimbi. Likifika maji mafupi linapinduka, linapanda kwa nguvu na mchanga wake. Wakati wa kurudi, sehemu ya maji imeshanywewa na ufukwe, kwa hiyo yaliyobaki hayawezi kurudisha mzigo wote. Ndiyo maana ufukwe wa kokoto una mteremko mkali, maji yanapenya upesi. Mchanga laini haunywi haraka, basi ufukwe wake unalala.

Tope chembe zake hazifiki hata sehemu ya 16 ya milimita. Wimbi dogo tu linaziinua, kwa hiyo zinatua kwenye maji yaliyotulia, kama vijito vya Rufiji, na mizizi ya mikoko inazishika.

Chokaa_na_Matumbawe: Kuhusu rangi: Unguja mashariki hakuna mto mkubwa wa kuleta udongo. Mchanga wa Paje unatengenezwa palepale: vipande vya matumbawe, makome, na majani ya bahari yenye chokaa ndani. Hata pono ana mchango wake, anaguguna mwamba wa matumbawe na kuutoa tumboni ukiwa mchanga. Malindi mambo ni mengine kabisa. Kaskazini ya mji kuna mdomo wa Sabaki, mto ule ule unaoitwa Athi huko juu na Galana katikati, na unashusha mchanga na udongo wa bara.

Ukitaka kuhakikisha, suuza kijiko kimoja cha mchanga kwa maji baridi, anika ukauke kabisa, kisha mimina vijiko viwili vya siki. Wa Paje utatoa povu. Mchanga wa mtoni utakaa kimya, isipokuwa umechanganyika na vipande vya makome, kwa hiyo vitoe kwanza. Mchanga ukiwa na majimaji, siki inazimuliwa na povu halionekani vizuri.

Kusi_Kaskazi: Kunduchi sasa. Mawimbi ya kusi, upepo wa kutoka kusini-mashariki, yanapiga kwa mshazari na kusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, inaurudisha, ila si wote. Ufukwe wa namna hii unaishi kwa kulishwa, na mito ya pale, kama Tegeta na Mbezi, imechimbwa sana mchanga wa kujengea. Kila lori linalotoka mtoni linapunguza chakula cha ufukwe.

Ukuta wima hausaidii: wimbi linaugonga, linarudi na nguvu zake na kuchimba msingi. Kuta fupi zinazoingia baharini zinajaza mchanga upande wa kusini, jirani wa kaskazini anakatiwa.

Mwanapwani_K: Asanteni sana. Nikitaka kujua ufukwe wetu unapungua kweli, nipime vipi?

Chokaa_na_Matumbawe: Fimbo mbili za mita 1.5 zenye alama kila sentimita, na kamba ya mita 2 kati yake. Anzia kwenye alama isiyohama, kama kona ya nyumba ya mawe. Mnazi wa ukingoni usiutumie, unaweza kuanguka nao. Simama kwenye fimbo ya nchi kavu, linganisha ncha ya fimbo ya baharini na mstari wa upeo. Pale mstari unapokata fimbo yako, hesabu sentimita kutoka ncha yake kushuka: ndiyo tofauti ya kimo. Hamisha fimbo, rudia mpaka majini. Fanya wakati wa bamvua (siku za mwezi mwandamo au mpevu, bahari inapojaa na kupwa sana), maji yakiwa yamekupwa. Chini ya kila fimbo weka kifuniko cha kopo, isizame.

Kosa kubwa ni kupima mwishoni mwa kusi, kisha mwishoni mwa kaskazi, ukasema ufukwe umekwisha. Mchanga unahama kila msimu, kwa hiyo linganisha Machi na Machi ya mwaka unaofuata.