Tupeane uzoefu: hapa Uganda, serikali ilikukatia pensheni au posho kimakosa, uliipataje tena?

Mstaafu, Bombo
Nilipoteza mguu kazini, jeshini, nikastaafishwa kwa sababu za kiafya. Siku moja pensheni haikuingia. Miezi miwili nikapigwa danadana, mpaka karani mmoja akaninong'oneza kwamba nimeondolewa kwa kutofika kwenye uhakiki. Jamani, nilifika! Uhakiki ulikuwa ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Nilikaa kwenye ngazi na magongo yangu hadi saa kumi jioni, hakuna aliyeshuka.

Mpwa wangu anasomea sheria. Akauliza, "Mjomba, barua ya kukuondoa iko wapi?" Sina. Tukaidai kwa maandishi, kwa ile Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inayowapa siku 21 kujibu. Nakala yetu tukaigongesha muhuri wa tarehe. Wino ulipauka lakini tarehe ilisomeka, na baadaye ndiyo iliyotubeba. Wakili akaegemea Ibara ya 42 ya Katiba: ukifika mbele ya afisa wa serikali una haki ya kutendewa kwa haki, na ukikosewa uende mahakamani. Mimi hata kuulizwa sikuulizwa. Hatukufika kortini, jina lilirudi. Malimbikizo yalichukua miezi tisa mingine.

Wengine mlifanyaje?

Binti wa Arua
Shikamoo afande, pole sana. SAGE, ile posho ya serikali, ni ya wazee wa miaka 80 na zaidi, si ya ulemavu, ila mama yangu haoni na hizo shilingi 25,000 kwa mwezi ndizo pekee anazopata. Mashine ilikataa dole gumba lake. Litasomekaje, limeliwa na jembe miaka sitini? Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliandika barua ya kumtambua, nikaipeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ndogo. Analipwa sasa. Ya nyuma bado nadai.

Kiti Magurudumu, Jinja
Mimi nilishindwa, nisimulie hivyo hivyo. Kikundi chetu cha walemavu kiliidhinishiwa ruzuku, kisha tukafutwa kwenye orodha bila sababu. Tukaandika barua, tukasubiri, tukaandika tena. Tulipofika Mahakama Kuu kuomba uamuzi upitiwe upya, tukaambiwa mwisho ni miezi mitatu tangu sababu ya malalamiko ilipotokea, labda mahakama ione sababu nzuri ya kuongeza muda. Yetu haikuonekana nzuri. Na mtego ni huu: kanuni zilizorekebishwa 2019 zinataka kwanza umalize njia za malalamiko zilizopo. Ukikimbilia kortini mapema unarudishwa, ukienda pole pole muda umekwisha. Kwa hiyo siku ile ile unapokatiwa, andika tarehe ukutani.

Kiziwi, Mbale
Barua yangu ilisema: "Kwa maelezo zaidi piga simu." 😂 Nilipeleka malalamiko Tume ya Fursa Sawa, maana huo ni ubaguzi, na tume ina mamlaka ya kusikiliza kesi. Wamenipangia siku, na nimeomba mkalimani wa lugha ya alama.

Mstaafu, Bombo
Mwanangu wa Mbale, hilo la mkalimani uliliomba kwa maandishi?

Kiziwi, Mbale
Kwa maandishi, mzee. Na muhuri.